Kartasi na kinywa viseme neno moja

Unajitayarisha kupanda ndeke kwenda inchi ya kigeni? Soma hii mbele ya kufunga valize.



Kuna mulongo moja wenye watu wote wanakuwa sawa: mulongo wa dirisha la pasipoti. Injinieri wa kampani, mama wa soko, mwanafunzi, mugonjwa mwenye anasukumwa kwa kigari, wote wanasimama na kungojea kuitwa. Kule mbele, nyuma ya kioo, kuna mutu mwenye hakujui. Hajui kama wewe ni baba ya watoto saba. Hajui kama katika kamp yenu watu wanakusalimia kwa heshima. Iko na dakika mbili ao tatu tu. Anaangalia kartasi, anaangalia uso wako, anakuuliza maneno kidogo, kisha anapiga kashe ao anakuambia: simama pembeni.

Ninataka kukuelezea namna ya kufika mbele ya lile dirisha bila kutetemeka. Sitaanza na sheria. Nitaanza na mambo yenye yalifika kwetu nyumbani.

Siku tano, hapana kumi

Dada yangu mudogo iko na mutoto mwanamuke. Wakati ule mutoto alikuwa na miaka sita. Alizaliwa na tundu ndani ya moyo. Akikimbia kidogo tu na wenzake, anachuchumaa chini na midomo inageuka rangi. Munganga alituambia wazi: operesheni haiwezi kufanyika hapa kwetu, muende Dar es Salaam, kule wanatengeneza moyo ya watoto. Jamaa yote ilichanga feza. Baba yake, mwenye anatumika posti ya usiku, aliomba avansi kazini. Hospitali ikatuandikia tarehe.

Tulifurahi sana tuliposikia kama kuingia Tanzania hakuombi tena viza. Ni kweli: Congo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na mwaka 2023 Tanzania na Kenya ziliondolea Wakongomani viza. Lakini sisi tulisikia "bila viza", tukafikiri "bila kartasi". Makosa yetu yalianzia pale.

Siku ya kwanza, asubui mapema, tulifika Luano. Mwanamuke wa kompanyi ya ndeke alikamata pasipoti mbili, akaangalia, akasema ni muzuri. Kisha akaomba karte za chanjo ya homa ya manjano, zile watu wanaita karte jone. Ya dada yangu ilikuwa ya zamani, imekatika pembe, na juu yake iliandikwa kama nguvu yake inaisha kisha miaka kumi. Tuliogopa ile. Yule mwanamuke akaisoma, akairudisha: "Hii iko sawa." Akafungua ya mutoto, mupya, inangaa. Akahesabu kwa vidole.

"Mama, mulimuchanja lini?"

"Siku ya tatu yenye ilipita."

"Inafanya siku tano. Banaomba kumi. Kule batamurudisha."

Dada yangu alianza kulia. "Mama, mutoto ni mugonjwa! Banamungojea ku hospitali!"

Yule mwanamuke hakukasirika. Alisema kwa sauti ya chini: "Mi pia niko muzazi, mama. Lakini nikimupandisha leo, batamurudisha na ileile ndeke, na utakuwa umepoteza vyote."

Tulirudi nyumbani na valize zetu. Watoto wa jirani walikuwa wamekwisha kutuaga, sasa walituangalia tukiteremuka kwa taksi na hawakusema kitu. Hospitali ilitupatia tarehe ingine: kisha wiki sita. Kwa mutu muzima, wiki sita ni kidogo. Kwa nyumba yenye mutoto analala juu ya mito miwili kusudi apumue, ni miaka. Kila asubui, baba akirudi kutoka posti, mbele ya kuvua viatu, alienda kuweka mukono juu ya kifua cha mutoto.

Juu ya nini siku kumi?

Ndugu musomaji, ile siku kumi si ukali wa mutu moja. Iko katika sheria ya afya yenye inchi za ulimwengu zilipatana chini ya OMS. Ukichanjwa leo, mwili unahitaji wakati kusudi ujenge nguvu ya kupigana na ugonjwa. Kwa hiyo karte inaanza kuwa na nguvu siku ya kumi kisha chanjo, hapana mbele.

Na juu ya nini karte ya zamani ya dada yangu ilipita? Juu tangu 11 Julai 2016 sheria iligeuka: chanjo moja inatosha kwa maisha yote. Hata kama karte yako ya zamani iliandikwa miaka kumi, haiishe tena. Kwa hiyo usiitupe, na mutu asikudanganye ulipe chanjo ya pili bure.

Angalia pia kama karte iko na jina lilelile la pasipoti, tarehe, namba ya dawa, sinyatire na kashe ya kituo. Na tafazali, usinunue karte bila kuchanjwa. Unaweza kupita dirisha, lakini mumbu haombi karte.

Usifikiri ni Wakongomani peke yao wanasumbuliwa. Katika mwezi wa Marsi 2012, Afrika ya Kusini ilirudisha Wanaijeria 125 kutoka Johannesburg, ikisema karte zao za homa ya manjano haziko za kweli. Naijeria nayo ikaanza kurudisha watu wa Afrika ya Kusini. Kisha siku kidogo, serikali ya Afrika ya Kusini iliomba musamaha. Lakini wale 125 walikuwa wamekwisha kurudi nyumbani. Musamaha ulikuja nyuma ya safari kuharibika.

Juu ya nini kompanyi ya ndeke inakuwa kali kuliko polisi?

Watu wengi wanauliza: huyu anauzisha tiketi, sasa anatafuta nini ndani ya pasipoti yangu? Jibu ni hili. Tangu mapatano ya Chicago ya mwaka 1944, inchi zilipanga namna ndeke zinapita kutoka inchi moja mupaka ingine. Katika kanuni zenye zilifuata, kompanyi yenye inaleta musafiri mwenye anakataliwa inapashwa kumurudisha. Inchi nyingi zinaitoza tena amande. Ndiyo maana dirisha la kwanza la mupaka haliko kule unaenda. Liko hapa kwetu, kwa meza ya tiketi. Mutu wa pale akikuambia kartasi inakosa, usimutukane. Uliza: "Inakosa nini, na nitaipata wapi?"

Kisha yeye kuna agenti wa DGM, mwenye anapiga kashe ya kutoka. Usisahau pia Go-Pass, ile kodi ya kiwanja cha ndeke. Ilianza mwaka 2009, dola 50 kwa safari ya inchi za kigeni na dola 10 kwa safari ya ndani. Uliza bei mbele ya siku yako, na uweke ile feza pembeni. Ni haya kubwa kubakia kwa kiwanja juu ya Go-Pass.

Majina tatu, mutu moja

Hapa tuko na shida yetu wenyewe, yenye watu wa inchi zingine hawaijui. Sisi tuko na jina, postinomu na prenomu. Wewe unakumbuka ao baba yako alikuelezea: mwaka 1972 serikali ya Mobutu ilikataza majina ya kizungu ya ubatizo, na watu wakatafuta jina la mababu kwa kujaza ile nafasi. Kisha, katika miaka ya 1990, prenomu zilirudi. Kwa hiyo muzee moja anaweza kuwa Joseph kwa karte ya ubatizo, bila Joseph kwa akte ya kuzaliwa, na Joseph tena kwa karte ya uchaguzi. Kwa kamp hakuna shida, wote wanamujua. Kwa dirisha, wale ni watu watatu.

Fungua pasipoti yako ukurasa wa picha. Kule chini utaona mistari miwili ya herufi na alama, kila mustari na herufi 44. Ile ndiyo mashini inasoma. Tiketi yako inapashwa kufuata majina ya pasipoti, herufi kwa herufi. Tuseme pasipoti inasema Ilunga Kasongo Marie. Usikubali mutu akuandikie tiketi "Mama Marie Kasongo" juu anakujua hivyo kwa soko. Kama kuna makosa ya herufi, yatengenezeshe siku ileile unalipa tiketi, hapana siku ya kupanda.

Angalia tena tarehe. Inchi nyingi zinaomba pasipoti ibakie na nguvu miezi sita kisha safari. Afrika ya Kusini inaomba siku 30 kisha siku unapanga kutoka kule. Acha pia kurasa mbili tupu kwa kashe.

"Na mama na mama"

Tulisafiri tena kisha wiki sita, na safari hii mimi pia nilienda. Ndani ya mufuko moja wa plastiki tuliweka vyote: pasipoti, karte jone, barua ya hospitali, akte ya kuzaliwa ya mutoto, barua ya baba yenye ilitiwa kashe kwa notere, tiketi ya kurudi, na namba ya telefone ya nyumba kwenye tutalala. Kwa Luano tulipita bila neno.

Kwa kiwanja cha Dar es Salaam, agenti alikuwa kijana. Alipoona tunasema Kiswahili alitabasamu. Akainama kidogo, akauliza mutoto:

"Hujambo mwanangu? Umekuja na nani?"

Mutoto akajibu bila woga: "Na mama na mama."

Yule kijana akaweka kalamu chini. Nilisikia jasho kwa mugongo. Kwetu, dada ya mama ni mama, unajua vizuri. Mutoto hakusema bongo. Lakini pasipoti zilikuwa na wanamuke wawili na mutoto moja, na agenti iko na lazima ya kuuliza, juu kuna watu wabaya wenye wanavukisha watoto wa wengine.

"Mama mzazi ni yupi?"

Mutoto akaonyesha dada yangu kwa kidole. Agenti akauliza: "Na baba yake anajua safari hii?" Dada yangu hakuanza kueleza maisha yote. Akatosha akte ya kuzaliwa, akatosha barua ya baba, akatosha barua ya hospitali, akasema: "Baba iko kazini Kolwezi. Hii ni barua yake. Tunakuja kwa operesheni ya moyo, tutakaa wiki tatu." Agenti akalinganisha majina ya akte na ya pasipoti. Mara tatu akainua macho. Kisha akapiga kashe: moja, mbili, tatu. Akaambia mutoto: "Upone haraka."

Ninakuambia kweli, ile sauti ya kashe niko naisikia mupaka leo.

Angalia namna ilitokea. Kinywa cha mutoto kilisema neno moja, kartasi zilisema lingine, na kama hatungekuwa na akte, tungeulizwa pembeni saa nzima. Kwa hiyo, mbele ya dirisha, tumia jamaa ya kartasi. Mutoto wa baba mukubwa, kwetu ni ndugu. Lakini kama agenti anauliza "Huyu ni nani wako?", usiseme "ndugu yangu" na kuacha pale. Sema "ni mutoto wa ndugu ya baba yangu". Hautakana jamaa yako. Utakuwa umesaidia kartasi kusema pamoja na wewe.

Kama unasafiri na mutoto peke yako, beba akte yake na barua ya muzazi mwenye anabakia, hata kama hakuna mutu alikuomba. Afrika ya Kusini ilikaza sana neno hili tangu Juni 2015. Mwaka 2019 ililegeza kidogo, lakini agenti anaweza kuuliza tu. Kama muzazi mumoja alikufa, beba akte ya kifo. Ni uchungu kuibeba. Ni uchungu zaidi kuikosa.

Viza inakufikisha kwa mulango

Kwa inchi zenye zinaomba viza, jua hili: viza ni ruhusa ya kufika kwa mulango. Mwenye kufungua mulango ni agenti wa dirisha. Congo iko katika SADC tangu 1997, lakini Mukongomani wa kawaida anaomba viza kwa kwenda Afrika ya Kusini. Na hata ukiwa nayo, utaulizwa maswali manne, karibu yaleyale ulimwengu mzima:

Unakuja kufanya nini? Utakaa siku ngapi? Utalala wapi? Nani analipa?

Jibu lile unaulizwa, kwa ufupi. Kama viza ni ya kutembelea jamaa, usiseme unakuja kutafuta kazi, na kama kweli unatafuta kazi, usikamate viza ya matembezi. Kama hausikii Kiingereza ao luga ya kule, sema tu kama hausikii, na uombe mutu wa kutafsiri. Wengi wanaitika "yes, yes" kwa haya, na hawajui walikubali nini.

Ukipigiwa kashe, usikimbie. Soma tarehe na siku zenye umepewa. Siku zenyewe zinaandikwa pale. Ukizipitisha, utalipa kwa safari ya kurudi, na safari ingine watakukumbuka.

Mambo yenye yanaharibu safari

Usiweke feza ndani ya pasipoti ukifikiri inafungua njia. Kwa inchi nyingi ni kosa la kuingiza gerezani. Usibebe valize ya mutu mwingine, hata mukubwa wa heshima, kama haukuona vyote vyenye viko ndani. Usifanye masihara juu ya bombe. Na sisi watu wa shaba, tuache mazoea ya kufunga jiwe la madini ndani ya nguo kwa kuonyesha jamaa. Madini mbichi haitoke bila kartasi, na duane hawatacheka na wewe. Nyama, samaki wa kukauka na mbegu, uliza kwanza. Inchi nyingi zinazikamata kwa mulango.

Wakikuweka pembeni, usipige makelele na usikimbie. Uliza kwa heshima ni nini inakosa. Usitie sinyatire kwa kartasi yenye hausikii. Kama wanakushika, uko na haki ya kuomba ubalozi wako ujulishwe. Hii iko katika mapatano ya Vienna ya mwaka 1963. Andika namba ya ubalozi kwa kikaratasi, juu telefone inaweza kuzima.

Kata hii, bandika kwa mulango wa kabati

Miezi miwili mbele ya safari: angalia tarehe ya pasipoti, na uulize kama inchi ile inaomba viza.

Mwezi moja mbele: chanjo ya homa ya manjano, kama haujachanjwa. Usingoje siku kumi za mwisho.

Siku ya kulipa tiketi: linganisha majina na pasipoti, herufi kwa herufi.

Wiki moja mbele: akte za watoto, barua ya muzazi mwenye anabakia, barua ya mwaliko ao ya hospitali. Fanya fotokopi ya kila kartasi, moja ubebe, moja ubakishe nyumbani.

Usiku wa mbele: jamaa yote ikae kwa meza. Kila mutu aulizwe yale maswali manne, hata watoto. Asikilize mwenzake. Kama majibu hayapatane, mutengeneze pale nyumbani.

Mutoto wetu alifanyiwa operesheni. Tulirudi kisha wiki tatu, na kovu moja ndefu kwa kifua chake. Leo anakimbia mupaka mama yake anamulalamikia. Zile karte jone zinakaa ndani ya kopo la biskuti, juu ya kabati, pamoja na akte. Baba yake aliandika juu ya kifuniko, kwa herufi kubwa: KUMI. Hakuna mutu wa nyumba yetu mwenye anauliza maana yake.